Sikio Halina Kope

Wasikilizaji mliokwama kwenye foleni, nyinyi mnaokuna nazi, na wewe uliyejifungia chumbani upate robo saa ya kutoitwa mama, karibuni.

Dada mmoja ameniandikia. Ana mtoto wa miezi minne. Mwisho wa mwezi kuna onyesho uwanjani, magitaa ya umeme, muziki wa roki anaoupenda tangu yuko sekondari. Tiketi wanazo, yeye na mumewe, ila mtu wa kumwachia mtoto hawana. Anauliza: nikimbeba, kuna ubaya? Kisha akamalizia hivi: naomba usinijibu kwa sauti ya mama mkwe.

Nilicheka peke yangu. Sauti ya mama mkwe naijua. Siku moja ilinikuta mlangoni, tiketi mfukoni, mtoto kifuani, kiatu kimoja nimekwisha kukivaa.

Tulikuwa Dar es Salaam. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alikuwa na miezi saba. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Unguja kumhudumia mzazi. Arobaini ikaisha, miezi ikapita, naye yupo, na wala hatukumwambia kitu, kwani aliyepikiwa uji wa pilipili manga na mtu anayeujua hana haraka ya kumsindikiza mpishi bandarini. Mke wangu alikuwa hajatoka. Nikisema hajatoka, nina maana kliniki na kurudi, dukani na kurudi. Jioni moja nikamkuta jikoni, wali uko motoni, yeye kaushika mwiko kama gitaa, macho kafumba, anapiga. Wala hakunisikia nilipoingia. Kesho yake nikaenda kununua tiketi.

Siku ikafika. Saa kumi na mbili jioni tuko mlangoni, Bibi akatokeza.

"Mnakwenda wapi na mume wangu?"

Mume wangu ni mtoto, si mimi. Mimi nilikuwa dereva tu katika ndoa ile.

"Uwanjani, mama. Kuna muziki."

"Magharibi hii?"

Nikaeleza kwamba muziki wenyewe ni baadaye, kwamba tutarudi mapema, kwamba siku hizi watu wanakwenda na watoto. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza fundi anayekuambia atamaliza Ijumaa. Akarudi ndani, akaja na wanja, akamtia mjukuu wake doa jeusi katikati ya paji la uso, kijicho kisimpate. Halafu akauliza swali lake la mwisho: "Na masikio yake mtayafunga na nini?"

Nikadhani anasema upepo. Nikamwonyesha kofia ya sufu. Akaitazama, akanitazama, akasema haya, nendeni.

Uwanja ulikuwa wazi, karibu na bahari, na jina la onyesho halina maana hapa kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mtu ukishalipa unataka kuziona nyuso za wapigaji. Basi tukaenda mbele, upande wa kushoto, hatua chache kutoka kwenye rundo la spika lililopangwa kama makabati ya duka la samani. Mtoto nilimfunga mbeleko kifuani, uso ubavuni kwangu. Wimbo wa kwanza akalia. Wa pili akalia kidogo. Wa tatu akalala.

Nikafurahi! Kijana mmoja pembeni yangu akasema huyu ameshazoea, huyu atakuwa mwanamuziki. Mama mmoja wa makamo hakuona hivyo. Alinipita mimi, akamwinamia mke wangu sikioni: "Mwanamke mzima, huna hata huruma?" Mtoto yuko kifuani kwa baba, lawama zimekwenda kwa mama. Hilo ningeweza kulizungumza mpaka taarifa ya habari, lakini tuliache.

Kilichonishtua mimi si yule mama. Niliweka kiganja mgongoni kwa mtoto ili nimwinue kidogo, mbeleko ilikuwa imelegea. Kila besi ilipopigwa, niliisikia inapita mgongoni mwake inafika kiganjani mwangu. Dum. Dum. Mgongo wa mtoto wa miezi saba ni mdogo, kiganja kinaufunika karibu wote. Nikauona kama ngozi ya ngoma. Mtoto mwenyewe kalala, mdomo wazi, doa la wanja limeanza kuchuruzika kwa joto.

Nikampeleka nyuma nimbadilishe nepi. Njiani, katikati ya uwanja, ndipo lilipo banda la fundi mitambo, na fundi nilikuwa namfahamu. Hakunisalimu. Alimtazama mtoto, akaingiza vidole masikioni mwake mwenyewe, akachomoa vizibo viwili vya rangi ya chungwa.

"Kaka, ulikuwa umesimama wapi?"

"Kule mbele."

"Mimi nalipwa kukaa humu, na nimeziba. Wewe umelipa, na mtoto yuko wazi."

Akanionyesha kioo kidogo juu ya meza yake. Kilikuwa kinasoma 98, na hapo ni katikati ya uwanja, si kule kwenye makabati.

Sasa hiyo 98 ni desibeli, na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Wanaolinda masikio ya wafanyakazi viwandani wana hesabu yao, nayo inafanana na mkopo wa mtaani jinsi inavyokula muda. Kwenye desibeli 85, mtu mzima anaweza kukaa saa 8. Kwenye 88, saa 4. Kwenye 91, saa 2. Kwenye 94, saa moja. Kwenye 97, nusu saa. Ikifika 100, dakika 15 na muda wako kwa siku hiyo umekwisha. Hayo ni ya mtu mzima, mwenye mkataba wa kazi na mwenye miguu ya kumwondoa. Shirika la Afya Duniani, linapozungumzia usikilizaji salama, linampa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto linamteremsha mpaka 75. Nikasimama pale nikipiga hesabu. Tulikuwa tumekaa mbele nyimbo tano, na bendi ile haikuwa na nyimbo fupi.

Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojiviringa kama konokono, na humo mna chembechembe zenye vinywele, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Sauti inapoingia, vinywele vinatikisika, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa ishara inayokwenda kwenye ubongo kuwa neno, kuwa wimbo, kuwa mtu anakuita. Chembe hizo ndizo tulizozaliwa nazo, na zikifa hazioti nyingine. Kuku zinamuota upya. Naam, kuku huyu huyu tunayemkimbiza sikukuu, akiharibikiwa na zile chembe anaota nyingine, na sisi tunaomla hatuoti. Halafu njia ya sikio la mtoto mchanga ni fupi na nyembamba, kwa hiyo sauti zile kali za juu, za sahani za ngoma na za gitaa linapolizwa, zinamfikia kwenye kiwambo zikiwa na nguvu kuliko zinavyotufikia sisi tuliosimama hapo hapo.

Na kulala? Hapo ndipo nilipojidanganya. Jicho lina kope, ukilala linafungwa. Sikio halina kope. Mtoto akilala mbele ya spika, sikio lake liko kazini zamu nzima. Mtu mzima akitoka pale masikio yanamlia nyiii mpaka asubuhi, na anajua kuna jambo. Mtoto yakimlia atamwambia nani? Atasumbua usiku, nasi tutasema ni meno.

Msinielewe vibaya. Sisemi muziki si mahali pa mtoto. Mtoto huanza kusikia akiwa tumboni bado, kabla hata hatujakubaliana jina. Na katika ngoma zetu, ni lini mtoto alikosekana? Mama anacheza, mtoto yuko mgongoni, kichwa kinakwenda upande huu na upande ule, na ngoma haikusimamishwa kwa ajili yake. Ila ngoma ina adabu yake. Mpigaji huchoka mkono. Ngozi hulegea, ikabidi ngoma ipelekwe motoni ipashwe, na hapo watu wanapumua, wanakunywa maji, mama anamgeuza mtoto anamnyonyesha. Masikio yote ya uwanja yanapumzika pamoja. Spika haina ngozi ya kupashwa. Ukiipa umeme, itakupigia mpaka luku iishe.

Na tukisema ukweli, wale wanaomnyooshea kidole mzazi mwenye tiketi, mbona hawasemi juu ya muziki unaomfuata mtoto nyumbani kwake? Pale Dar kuna sherehe za mtaani za vigodoro, spika zinawekwa barazani, ukuta kwa ukuta na chumba alimolala kichanga, mpaka alfajiri. Kuna baa iliyohamia jirani na wewe ukiwa mjamzito. Nairobi, mama anapanda matatu na mtoto wa wiki sita kwenda kliniki ya chanjo, besi iko chini ya kiti alichokalia. Hakuna anayemwambia huna huruma, kwa sababu hakwenda kustarehe. Mtoto huyo yuko kwenye onyesho kila siku, bila tiketi, na bila mlango wa kutokea. Baraza la mazingira la Tanzania linaandikiwa malalamiko ya kelele, linafunga baa mbili tatu, zinafunguliwa. Basi yule dada wa tiketi mbili angalau ameuliza, na mwenye baa jirani hajauliza mtu.

Turudi uwanjani. Nepi niliibadilisha juu ya kanga, nyuma kabisa, karibu na muuza mishikaki, mtoto akiutazama moto. Hapo nyuma nikaligundua jambo ambalo kila muuza mishikaki analijua: unaweza kuzungumza. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili, unapunguza kama desibeli 6. Ukiwa mita 5 ukarudi mpaka 10, umepunguza 6. Ukafika 20, umepunguza 12. Ukafika 40, ni 18, na hiyo tayari ni tofauti ya kazi ya saa nzima na kazi ya siku nyingi. Wimbo ni ule ule, gitaa ni lile lile. Kinachokosekana ni nyuso za wapigaji, na mtoto wa miezi saba hazijui.

Tukapokezana. Mke wangu akaenda mbele peke yake nyimbo tatu, bila mbeleko, bila begi, bila mtu. Nilimwona kwa mbali, mikono juu. Tangu mtoto azaliwe sikuwa nimeiona mikono yake miwili ikiwa mitupu kwa wakati mmoja. Aliporudi alikuwa na jasho la msichana wa sekondari. Mimi nilikuwa nimekula mishikaki minne na mtoto ananyonya kijiti kisicho na nyama, jambo ambalo Bibi hajaelezwa mpaka leo.

Kwa hiyo dada yangu, jibu ni hili. Nenda. Ila usiniambie unakwenda saa ngapi wala bendi gani. Niambie utasimama wapi na mtoto atavaa nini masikioni.

Kofia ya sufu si kinga, nilikwisha kujaribu. Pamba nayo inampendeza mzazi tu, sauti inapita. Vile vizibo vidogo vya kuingiza ndani ya sikio ni vya fundi mitambo, si vya kichanga, maana kizibo kikitoka sikioni njia yake ni moja, mdomoni, na atapaliwa. Kinachomfaa ni vile vifuniko vya nje, vinavyolizunguka sikio zima kama vya mafundi wa kukata vyuma, vya saizi ya watoto wachanga, vyenye mkanda laini wa kitambaa usiobana utosi. Vikikaa sawasawa vinapunguza desibeli ishirini na kitu. Mvishe nyumbani siku kadhaa kabla, kwa dakika chache, redio ikiwa imezimwa hata kama ni mimi ninayezungumza. Ukimvisha kwa mara ya kwanza uwanjani atavirusha jukwaani. Na hata akivivaa umbali unabaki pale pale: vifuniko pamoja na nyuma ya uwanja, si vifuniko ili uende mbele.

Kule kwenye roki yenyewe hili si ajabu. Glastonbury, Uingereza, tamasha linalofanyika katika shamba la ng'ombe, watoto wa miaka 12 kwenda chini huingia bure na wazazi wao, na utawaona wanavutwa kwenye vitoroli matopeni, vichwa vyote vimevaa vifuniko. Lilipoanza mwaka 1970, kiingilio kilikuwa pauni 1 na ndani yake mlikuwa na maziwa ya bure ya shamba. Mimi hilo la maziwa nalipenda kuliko orodha yote ya bendi zao.

Mengine wewe mama unayajua kuliko mimi. Mbu wanaanza kazi magharibi, mfunike miguu. Nyonyesha ukitaka kunyonyesha, kanga ipo. Egesha gari likitazama mlango. Na akilia akakataa kunyamaza hata nyuma kule, ondoka, hata kama wimbo wako ndio unaanza. Itauma, najua.

Februari iliyofuata tulimrudisha Bibi kwao Unguja, na kwa bahati, kama unaita bahati jambo ambalo mke wangu alilipangia tarehe, tukakuta Sauti za Busara. Tamasha hilo linafanyika Mji Mkongwe tangu 2004, na jukwaa lake kuu kwa miaka mingi limekuwa Ngome Kongwe, ile ya mawe ya matumbawe na chokaa ambayo Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kumtoa Mreno. Hapo ndipo wengi wetu tulipomwona marehemu Bi Kidude akipanda jukwaani uzeeni, na ngoma yake, bila kumwogopa mtu.

Mtoto sasa ana mwaka na kidogo, anasimama kwa kushika vitu. Safari hii hatukukata tiketi za wote. Mke wangu aliingia ndani na dada yake. Mimi, Bibi na mume wake tukabaki nje, Forodhani, upande wa bahari. Bibi alikubali kwa sharti moja: magharibi ipite, isha isaliwe, kisha ruksa. Tukakaa juu ya kijiukuta, bakuli la urojo mkononi, taa za karabai za wachoma pweza zimewaka, watoto wakubwa wanajirusha baharini gizani na kupiga kelele kuliko bendi.

Ukuta ule wa ngome ni kifuniko cha masikio ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukitengeneza. Muziki unaruka juu yake, unafika ukiwa umenyooshwa, umepoa. Nikamwambia Bibi kwamba hapo Shangani, mwendo mfupi tu kutoka tulipokaa, alilelewa mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na baadaye akawa Freddie Mercury, mwimbaji mkubwa wa roki wa Uingereza, na siku hizi ana nyumba ya makumbusho.

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Bulsara, Muhindi, alikuwa mtunza fedha wa serikali."

Bibi akafikiri. "Alikuwa analala, huyo?"

Sikuwa na jibu. Ndani ya ngome kundi jingine likapanda, na gitaa la umeme likaanza kulia peke yake, refu, linapanda, linapanda, halitaki kushuka. Mtoto akaacha kijiko. Akashika goti la bibi yake kwa mikono miwili, akasimama, akaanza kukunja magoti na kukunjua, kwa mdundo wake mwenyewe ambao haukuwa wa bendi.

Bibi akatega sikio kwenye ukuta kwa muda. Kisha akanigeukia.

"Huyu anayepiga," akasema, "nani kamuudhi?"